Waandika Orodha: Jinsi Mbao za Kompyuta Zilivyojuana kwa Simu

Katikati ya Januari 1978 theluji ilianguka Chicago kwa wingi hata watu wakashindwa kutoka majumbani. Ward Christensen, mfanyakazi wa IBM ambaye saa zake za mapumziko ziliishia kwenye kompyuta, alikwama nyumbani kama wenzake. Akampigia simu rafiki yake Randy Suess, fundi hodari wa vifaa, wakajadili jambo ambalo chama chao cha wapenda kompyuta, CACHE, kilikuwa kikilihitaji: mahali ambapo mwanachama angeacha ujumbe usiku wa manane na mwenzake akausoma asubuhi, bila wao kukutana. Christensen akaandika programu, Suess akaunganisha mitambo. Tarehe 16 Februari mwaka huohuo walifungua CBBS, ubao wa kwanza wa matangazo wa kompyuta uliofikiwa kwa simu.

Mashine waliiweka nyumbani kwa Suess, ndani ya jiji la Chicago, ili watu wengi waweze kuipigia kwa bei ya simu ya ndani. Uamuzi huo mdogo ulionyesha mapema jambo ambalo lingetawala historia yote ya mbao hizi: kujua kwamba ubao upo ni kitu kimoja, kumudu gharama ya kuufikia ni kitu kingine.

Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi. Mtu mwenye kompyuta na modemu alipiga namba ya kawaida ya simu. Modemu ya upande wa pili ilipokea, zikapigiana mluzi, kisha herufi zikaanza kujipanga kwenye skrini. Mgeni alisoma ujumbe wa wengine, akaacha wake, akachukua faili akipenda, akaaga. Laini ilikuwa moja na mgeni alikuwa mmoja. Aliyetangulia asipotoka, waliofuata walisikia mlio wa laini inayotumika, wakajaribu tena baada ya dakika chache.

Ila hakuna kilichouunganisha ubao mmoja na mwingine. Ubao wa Chicago haukuwa na habari za ubao wa California. Kwa kampuni ya simu, laini ya ubao ilikuwa laini ya nyumbani kama nyingine yoyote, na kitabu cha simu hakikuitofautisha na ya muuza maziwa au ya daktari. Hapakuwa na ofisi iliyosajili mbao wala ramani iliyozionyesha. Hata hivyo, ndani ya miaka michache mbao zilienea Marekani nzima, kisha zikavuka bahari, na watumiaji wakazipata. Walizipata kwa sababu kila ubao ulibeba namba za wenzake, na nyuma ya kila orodha ya namba alikuwepo mtu aliyejitolea kuiandika, kuihakiki na kuisahihisha. Waliobuni mashine wameandikwa sana. Walioandika orodha wanastahili nafasi yao katika historia hii, kwa sababu bila wao kila ubao ungebaki kisiwa.

Namba ya kwanza

Namba ya kwanza kabisa ilibidi itoke nje ya kompyuta. Wengine waliipata kwenye mikutano ya vyama vya wapenda kompyuta, ikiandikwa kwenye karatasi na kupitishwa mkono kwa mkono. Wengine waliikuta dukani, imebandikwa ukutani karibu na modemu zinazouzwa. Wengine waliisoma magazetini. Novemba 1978 jarida la Byte lilichapisha makala ya Christensen na Suess iliyoeleza jinsi CBBS ilivyojengwa, na wasomaji wa mbali na Chicago wakajua kwamba kitu kama hicho kinawezekana. Muda si mrefu wakaanza kujenga vyao, kwenye mashine za Apple, TRS-80 na nyingine zilizokuwa sokoni.

Mbao zilipoongezeka, orodha nazo zikazaliwa. Huko California Bill Blue, mmoja wa waliotengeneza programu za mbao kwa ajili ya Apple, alikusanya orodha ya mifumo ya ujumbe iliyokuwa wazi kwa umma, nayo ikanakiliwa kutoka ubao hadi ubao. Computer Shopper, jarida kubwa lililoanza mwaka 1979 huko Florida na kujaa matangazo ya biashara, lilikuwa na kurasa za namba za mbao. Mwaka 1983 Mike Cane alitoa kitabu kizima kilichoitwa The Computer Phone Book. Mtu aliyenunua modemu Jumamosi aliweza kufungua ukurasa na kumaliza usiku akijaribu namba moja baada ya nyingine.

Ukishaingia kwenye ubao mmoja, kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi. Kwenye menyu ya mbao nyingi palikuwa na herufi ya kubonyeza ili kuona mbao nyingine. Orodha ilishuka taratibu mbele ya macho. Modemu nyingi za wakati huo zilikuwa na kasi ya biti 300 kwa sekunde, yaani takribani herufi 30. Orodha ya mistari 100, kila mmoja ukiwa na herufi 60, ilihitaji zaidi ya dakika tatu kumalizika. Mwenye printa aliiwasha, mwenye programu nzuri aliihifadhi kwenye diski, na asiye na kimoja kati ya hivyo alikuwa na penseli na daftari karibu, akiandika haraka kabla mstari haujapanda juu na kupotea. Baadaye programu za mawasiliano kama ProComm na Telix zilikuja na kitabu cha namba ndani yake. Mtumiaji aliweka alama kwenye mbao kumi alizozipenda, na kompyuta ikazipigia kwa zamu hadi mojawapo ipokee.

Palikuwa na njia nyingine pia. Watumiaji walitajiana namba ndani ya ujumbe wao. Wenye mbao, walioitwa masisopu, walitembeleana kwenye mbao za wenzao na kuacha tangazo la adabu wakiwakaribisha wageni. Faili nazo zilibeba habari. Programu iliyonakiliwa kutoka ubao mmoja hadi mwingine mara nyingi iliongezewa kifaili kidogo chenye jina la ubao ulikopitia, mji wake na namba yake. Mtu wa Texas aliyefungua mchezo wa kompyuta aliweza kukuta humo majina ya mbao tatu za majimbo ambayo hajawahi kufika.

Orodha inayokufa

Tatizo la namba ya simu ni kwamba inazeeka. Mbao nyingi ziliendeshwa vyumbani na vijana wa shule, walimu, mafundi na wafanyakazi wa ofisini. Sisopu alipokwenda chuo, alipohama, alipooa au alipochoka, ubao ulifungwa na laini ikapewa mtu mwingine. Orodha haikujua. Iliendelea kunakiliwa na kila aliyeipata akaipiga namba ileile. Upande wa pili mtu aliyelala aliamka, akaokota mkonga wa simu na kusikia mluzi mkali wa mashine. Kwenye chumba cha mpigaji, kipaza sauti cha modemu kilitoa sauti ya binadamu akiuliza ni nani. Wengi waliojifunza kutumia mbao wanaikumbuka sauti hiyo na aibu yake.

Kwa hiyo watumiaji walijifunza kuangalia tarehe kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Orodha iliyochapishwa gazetini ilichukua wiki nyingi kupita kiwandani, na ilipofika mezani sehemu yake ilikuwa imeshakufa. Orodha iliyotunzwa ndani ya mbao ilikuwa bora ikiwa mwenyewe alikuwa na bidii. Watunzaji wazuri walipiga namba zote wenyewe kila baada ya muda, wakafuta zilizokufa, wakaweka kasi ya modemu inayokubalika, saa za kufunguliwa kwa ubao usiofanya kazi usiku kucha, na mada zinazopatikana humo. Hakuna aliyewalipa. Simu za mbali walizilipia kutoka mifukoni mwao.

Wapo waliochoka kusubiri orodha. Modemu ya Hayes Smartmodem iliyotoka mwaka 1981 iliruhusu kompyuta yenyewe kupiga simu kwa amri fupi ya maandishi, na mara moja watu wakaandika programu za kupiga kila namba ya eneo kwa mfululizo, kuanzia 0000 hadi 9999, na kuweka alama pale modemu ilipojibu. Filamu ya WarGames ya mwaka 1983 ilimwonyesha kijana akifanya hivyo, na mtindo huo ukapata umaarufu mkubwa. Ulikuwa mzito kuliko ulivyoonekana kwenye filamu. Kama kila jaribio lilichukua sekunde 40, usiku mmoja wa kazi ya saa nane ulimaliza namba 720 tu, na eneo moja lilihitaji karibu wiki mbili. Katika muda huo maelfu ya nyumba ziliamshwa bure. Njia hiyo iligundua mashine kadhaa zilizojificha, lakini jamii ya mbao haikujengwa nayo. Ilijengwa na watu waliotoa namba zao kwa hiari na kuomba zisambazwe.

Bei ya umbali

Marekani simu ya ndani kwa kawaida ilikuwa ya malipo ya mwezi, mtu akazungumza atakavyo. Simu ya mbali ilihesabiwa kwa dakika na ilikuwa ghali, hasa mchana. Hii ndiyo sababu orodha nyingi zilipangwa kwa kufuata namba za maeneo. Mtumiaji alitafuta eneo lake kwanza, akazisoma zile za karibu kwa uangalifu, na za mbali akazitazama kwa matamanio. Ubao wa mji mwingine ulifikiwa baada ya saa tano usiku, bei ziliposhuka, na mara nyingi kwa kazi maalumu: kuchukua programu fulani au kumjibu mtu fulani.

Mwaka 1985 kampuni ya Telenet, iliyokuwa na mtandao wa data wa mashirika usiotumika sana usiku, ilianzisha huduma iliyoitwa PC Pursuit. Kwa dola 25 kwa mwezi, mtumiaji aliweza jioni na wikiendi kupiga namba ya ndani, akapitishwa hadi modemu ya kampuni katika mji mwingine, na kutoka hapo akapiga mbao za mji huo kama mwenyeji. Kwa wenye bahati ya kuishi katika miji iliyohudumiwa, kurasa za orodha zilizokuwa za kutazama tu zikageuka kuwa za kutumia.

Orodha iliyojihakiki

Mageuzi makubwa zaidi yalikuwa yameanza mwaka mmoja kabla. Tom Jennings, mwandishi wa programu aliyeishi San Francisco, alikuwa ametengeneza programu ya ubao aliyoiita Fido. Rafiki yake John Madill aliiendesha Baltimore, upande wa pili wa nchi. Mwaka 1984 Jennings aliiongezea uwezo wa kupigia simu Fido mwingine usiku, saa za bei nafuu, na kubadilishana barua bila mtu kukaa macho. Mtandao huo ukaitwa FidoNet. Ili mashine ipigie mashine nyenzake ilihitaji kujua namba yake, na hapo ndipo orodha ilipoacha kuwa msaada kwa msomaji na kuwa kiungo ambacho bila yake mtandao haukwenda.

Mwanzoni Jennings aliiandika mwenyewe. Vituo vilipoongezeka kutoka viwili hadi makumi ndani ya miezi michache, makosa yalianza kuumiza watu. Kosa la tarakimu moja halikumpotosha mpigaji mmoja tu. Mashine nyingi zilipiga namba hiyo mbovu kila usiku, saa ileile, na kurudia kwa sababu hazikupokewa na modemu. Ilitokea kweli kwamba mtu asiyejua lolote kuhusu kompyuta alisumbuliwa kwa simu za usiku asizozielewa. Kabla mwaka 1984 haujaisha kazi ya orodha ilihamia kwa kundi la St. Louis, wakiwemo Ken Kaplan na Ben Baker. Wakaweka sharti ambalo kwangu ni mojawapo ya mawazo bora ya enzi hiyo: anayetaka kuingizwa kwenye orodha aombe kwa kutuma barua kupitia FidoNet yenyewe. Barua ikifika, programu na modemu yake vinafanya kazi. Jibu likimfikia, namba aliyoitoa ni sahihi. Maombi yenyewe yalikuwa ndiyo uhakiki.

Juni 1985 mtandao uligawanywa katika mitandao midogo, kila mmoja na mratibu wake, na baadaye ukawekewa kanda: Amerika ya Kaskazini ikawa kanda ya 1, Ulaya ya 2, Afrika ikapewa ya 5. Mratibu wa mtaa alikusanya habari za vituo vyake, akazipeleka kwa mratibu wa eneo, zikapanda hadi kwa mratibu wa kanda, na kila Ijumaa orodha mpya ilitoka. Jina la faili lilimalizikia na namba ya siku ya mwaka, hivyo mtu alijua umri wa nakala yake kabla hajaifungua.

Ukiifungua, kila mstari ulikuwa kituo kimoja, na vipengele vyake vilitenganishwa kwa alama ya mkato: namba ya kituo, jina la ubao, mji, jina la sisopu, namba ya simu, kasi ya modemu, kisha alama fupifupi za uwezo. Herufi CM, kwa mfano, zilimaanisha kwamba kituo kinapokea barua saa 24. Neno Down mwanzoni mwa mstari lilionya kwamba kituo hakifanyi kazi. Neno Hold liliomba barua zake zishikiliwe kwa muda, labda kwa sababu mwenyewe amesafiri au mashine imeharibika. Kifo na ugonjwa wa ubao vilipewa maneno rasmi, vikatangazwa dunia nzima kila wiki.

Orodha ilipokuwa kubwa mno kusafirishwa kwa simu kila Ijumaa, waratibu walituma mabadiliko tu. Faili la mabadiliko lilikuwa na amri tatu za herufi mojamoja: A kuongeza mistari, C kunakili iliyopo, D kufuta. Programu ya sisopu ilichukua orodha ya wiki iliyopita, ikafuata amri hizo, ikapata ya wiki hii, kisha ikahesabu namba ya ukaguzi iliyoandikwa mstari wa kwanza ili kuhakikisha kwamba hakuna herufi iliyopotea njiani. Haya yalifanywa na watu wa kujitolea, kwenye laini za nyumbani, miaka mingi kabla umma haujaijua Intaneti.

Katika miaka hiyo Jeff Rush wa Dallas alileta programu ya kusambaza mijadala, ambapo ujumbe ulioandikwa kwenye ubao mmoja ulinakiliwa kwenye mbao zote zinazoshiriki. Chini ya kila ujumbe uliwekwa mstari wa asili wenye jina la ubao ulikotoka na anwani yake ya FidoNet. Kuanzia hapo mtu hakuhitaji hata kutafuta orodha. Alisoma jibu zuri kuhusu darubini au mashairi, akatazama mstari wa mwisho, akajua kuna ubao mji fulani wenye watu anaoafikiana nao. Mazungumzo yenyewe yakawa mwongozo.

Mistari ya Nairobi na Kampala

Kwa Afrika Mashariki, orodha hii ilikuwa na uzito wa pekee. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 simu ya kimataifa kutoka Nairobi, Kampala au Dar es Salaam ilikuwa ghali kupita uwezo wa taasisi nyingi, na laini zenyewe zilikuwa na kelele. Teknolojia ya Fido iliyafaa mazingira hayo: barua ziliandikwa mchana, zikabanwa ziwe ndogo, na simu moja fupi ikazisafirisha zote. Kituo cha uhusiano wa mazingira, ELCI, kiliendesha kituo cha Fido jijini Nairobi kwa ajili ya mashirika yasiyo ya kiserikali, chini ya mradi wa NGONET. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kitovu cha ESANET, mradi uliolenga kuunganisha vyuo vikuu vya kanda, kikiwemo cha Dar es Salaam. Makerere ilikuwa na kituo kilichojulikana kama MUKLA, kazi ya Charles Musisi. Mtandao wa HealthNet uliwafikishia madaktari habari za tiba kwa njia hiyohiyo.

London, GreenNet ilikuwa na lango la Fido lililosimamiwa na Karen Banks, na mara nyingi London ndiyo iliyopiga simu kwenda Afrika, kwa kuwa gharama ya upande huo ilikuwa ndogo. Huko Grahamstown, Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Rhodes kilipata barua pepe ya dunia kupitia kiungo cha Fido cha Randy Bush, Portland, Oregon. Mtafiti wa Kampala aliyeandika barua usiku hakuhitaji kujua njia yote hiyo. Alihitaji anwani sahihi, na anwani ilikuwa sahihi kwa sababu mtu fulani aliisahihisha wiki ile. Kuingia katika orodha hakukuwa heshima ya jina tu. Ilikuwa tofauti kati ya kupata jibu la kitabibu siku ya pili na kusubiri bahasha kwa wiki kadhaa.

Kilichobaki

Kufikia katikati ya miaka ya 1990 orodha ya FidoNet ilikaribia vituo 40,000. Jarida la Boardwatch, alilolianzisha Jack Rickard huko Colorado mwaka 1987, lilichapisha namba za mbao kila mwezi na kuwa rejeo la nchi nzima. Kisha Intaneti ya biashara ikaingia majumbani. Simu moja ya ndani ikafungua dunia yote, injini za kutafuta zikachukua kazi ya orodha, na masisopu wakazima mashine zao mmoja mmoja. Herufi D zikazidi herufi A kwenye faili za Ijumaa.

Orodha zenyewe hazikupotea zote. Jason Scott, aliyetengeneza filamu ndefu ya kumbukumbu kuhusu mbao hizi mwaka 2005, amekusanya majina ya mbao zaidi ya 100,000 zilizowahi kuwepo, na sehemu kubwa ya ushahidi wake ni orodha hizohizo za zamani. Kwa kuwa zilikuwa na tarehe, mji na namba, leo inawezekana kujua ubao wa mji mdogo ulifunguliwa mwaka gani, ulitumia kasi gani na uliondoka lini. Watu walioziandika walidhani wanawasaidia wageni wa wiki hiyo. Kumbe walikuwa wanaandika historia.

Kazi kama hiyo inatungoja na sisi. Baadhi ya mafundi walioendesha vituo vya kwanza vya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wapo hai, na huenda wengine bado wana diski zenye orodha za kanda ya 5 na barua za majaribio. Diski za sumaku hazidumu milele. Vyuo vikuu vilivyokuwa wenyeji wa vituo hivyo, pamoja na nyaraka za taifa, vina uwezo wa kuzipokea, kuzinakili na kuwarekodi wenyewe wakisimulia. Ifanyike sasa, wakati yupo wa kueleza kila mstari ulimaanisha nini na ni nani aliyekesha ili uwe sahihi.